Pointi ya Sita

Mimi si mtu wa kusifu watu. Nimekaa kwenye saiba yangu, duka la kompyuta na kuchapa barua, hapa Kapkatet miaka kumi na saba, na ukikaa kwenye saiba muda huo wote utawaona watu jinsi walivyo. Nimeandikia watu barua za kuomba kazi ambazo hata wao hawakujua ni kazi gani. Nimewachapia viapo ndugu wawili wanaogombea shamba moja la chai, asubuhi huyu, mchana yule, na wote wawili wakaapa kwa Mungu yule yule. Kwa hivyo nikisema Dorine Chepkemboi ni mwanamke wa kuvuliwa kofia, usidhani ni mdomo tu. Hata mimi nilikataa kuivua kwa miezi mingi.

Alikuja mwaka jana mwezi wa Aprili, Jumatatu moja ya mvua, akiwa na bahasha ya plastiki chini ya koti. Alitaka tujaze fomu ya viza ya Ujerumani, ile inayomruhusu mtu kwenda kutafuta kazi akiwa huko huko kwa mwaka mmoja. Si kila mtu anaipata. Kwanza uwe na cheti cha masomo wanachokitambua, halafu wanakupima kwa pointi. Umri una pointi zake, miaka ya kazi ina zake, lugha yao ina zake. Ukifikisha sita unaweza kuomba. Ukiwa na tano, rudi nyumbani ukachume chai.

"Mama Shirley, niko na sita," aliniambia hata kabla hajakaa. Shirley ni kitindamimba wangu, na hapa sokoni wote wananiita hivyo. Jina la Priscillah linajulikana na benki peke yake.

Akanihesabia kwa vidole. Tatu za kazi, kwa sababu katika miaka saba iliyopita amefanya kazi yake zaidi ya mitano. Mbili za umri, kwa sababu hajafika thelathini na tano. Moja ya Kijerumani, kwa sababu mwezi wa Novemba alipita mtihani wa hatua ya pili. Sita kamili, bila hata moja ya akiba. Kiingereza nacho kina pointi yake, lakini wanataka cha juu kabisa, na yeye alikuwa amepata hatua moja chini. Pesa za kuwaonyesha kwamba hutalala njaa huko alikuwa ameziweka kwenye sacco miaka yote ya kazi yake, na hilo sitalizungumzia zaidi kwa sababu halinihusu.

Kazi yake lazima niieleze, maana bila hiyo hutamwelewa. Kiwandani, majani ya chai yakishanyauka hupitishwa katikati ya rola mbili za chuma zenye meno madogo madogo, na meno hayo ndiyo yanayoyakata yakawa chai. Meno yakiwa butu, chai inatoka imepondeka tu, na mnadani Mombasa hakuna anayeitaka. Dorine ndiye anayenoa hizo rola. Ana diploma ya ufundi wa mitambo, lakini kunoa alifundishwa na mzee Ongeri, ambaye amestaafu akarudi kwao Kisii. Huyo mzee aliniambia hapa hapa dukani kwamba yeye mwenyewe alihitaji kioo cha kukuzia, lakini huyu msichana anapitisha ukucha kwenye meno na kukwambia ni lipi limekosea. Ukimwona mikono yake utadhani ni ya mwanamume wa kuvunja mawe. Nilimheshimu kwa hilo, ila heshima ya fundi ni jambo moja na kumvulia mtu kofia ni jambo lingine.

Alikuwa kaimu msimamizi wa karakana kwa miaka minne. Mara tatu kiti kilipotangazwa kilipewa mwanamume, na mara tatu yeye ndiye aliyemfundisha huyo mwanamume kazi. Hana mume, na hilo ni shauri lake. Alitaka aende mahali ambapo mashine zinatengenezwa, si mahali zinapoletwa zikiwa zimezeeka. Aliniambia hivyo bila kulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake.

Basi tukaanza kujaza. Nina desturi moja ambayo wateja wengine hawaipendi: kila ninachochapa nakisoma kwa sauti. Afadhali uaibike kidogo mbele ya watu wawili kuliko fomu irudishwe kwa kosa la kijinga. Siku hiyo kwenye benchi la wateja alikuwa ameketi mama yake Dorine, ametoka hospitalini kuchukua dawa za presha, anangoja binti amalize warudi pamoja.

Nikasoma jina. Nikasoma namba ya pasipoti. Nikasoma, "Tarehe ya kuzaliwa, kumi na nne, mwezi wa nane, tisini na mbili."

"Hiyo si yake," mama akasema.

Nikageuka. Dorine naye akageuka. "Ni ya ID, Mama," akamwambia. "Mzee alipunguza miaka wakati wa mbio. Wewe unajua hiyo."

"Najua alipunguza. Hakuniambia alipunguza na nini." Mama alikuwa ameshika mfuko wa dawa kwa mikono miwili. "Hiyo siku ni ya Chelangat. Alizaliwa Ijumaa, tarehe kumi na nne, mwezi wa nane. Wewe ulikuwa miaka tatu, ulikuwa unanifuata kisimani na kibuyu yako. Sub-chief aliandika karatasi ya yule mtoto. Baba yako aliniambia panya walikula."

Hilo la kupunguza miaka, kwetu huku si siri kubwa. Msichana akionekana ana mbio, kocha anakuja nyumbani, anakunywa chai, anamsifu, halafu anamuuliza baba kama kuna cheti cha kuzaliwa. Kikiwa hakuna, wote wawili wanafurahi. Dorine alikuwa kidato cha tatu, amekwisha kutimiza miaka kumi na tisa kwa sababu alianza shule akiwa amechelewa na akarudia darasa mara mbili. Baba yake, mzee Kipkosgei, akaenda mjini asubuhi na kurudi jioni na cheti kilichosema ana kumi na tano. Akakimbia na wasichana wadogo, akawashinda wilaya, akawashinda mkoa, kisha kano ya kisigino ikakatika na mbio zikaishia hapo. Cheti hakikuisha. Kilizaa kitambulisho, kitambulisho kikazaa pasipoti, na miaka yote hiyo Dorine aliamini kwamba baba yake aliiokota hiyo tarehe hewani.

Kumbe aliitoa kwenye sanduku la mkewe. Chelangat, mdogo wake Dorine, aliishi miezi minane akafa kwa homa ya mapafu. Alizikwa nyuma ya nyumba, baadaye wakapanda chai pale, na leo mama hawezi kukuonyesha ni kati ya shina lipi na lipi. Picha hakuna. Kadi ya kliniki hakuna. Kilichokuwepo ni ile karatasi ya naibu wa chifu, iliyoandikwa kwamba mtoto wa kike amezaliwa kwa Kipkosgei, siku fulani, na mahali pa jina pakaachwa wazi. Mzee akaenda kupajaza na jina la binti aliyekuwa hai. Sasa naye alikuwa amekwisha kufa, kwa hivyo hakuna wa kuulizwa.

Niliona aibu kana kwamba nimemfungulia mtu mlango akiwa anaoga. Nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika. Dorine akaniambia nihifadhi fomu bila kuituma, akamshika mama yake mkono, wakaondoka kwenye mvua ile ile.

Nilijua atarudi kuituma. Huzuni ni huzuni na viza ni viza. Alirudi Alhamisi akitoka zamu ya asubuhi, mafuta ya mashine bado yako kwenye kucha.

"Futa hiyo tarehe," akasema. "Weka ya kwangu. Tatu, mwezi wa tatu, themanini na tisa."

"Hiyo haiko kwa pasipoti yako."

"Nitabadilisha pasipoti. Nitaanza na cheti."

Nikavua miwani. "Dorine, wewe sasa ni miaka thelathini na sita. Umri utakupa pointi moja, si mbili."

"Najua."

"Utakuwa na tano."

"Najua, Mama Shirley."

"Tano huko ni sawa na sifuri. Hawana mambo ya kusema huyu amekaribia. Baba yako ameenda. Mtoto ameenda. Hiyo karatasi hakuna mtu anaitafuta."

"Mama anaitafuta," akasema.

Hapo nikakasirika. Nilimwambia wema wa aina hiyo ni wa watu waliozaliwa na pasipoti za maana. Nilimwambia kwamba kwenye hizo karatasi za uongo angekuwa na miaka saba na zaidi kabla ya kufika arobaini na umri kukosa pointi kabisa, lakini kwa ukweli wake alikuwa amebakiwa na minne isiyotimia, na hapo katikati kuna ofisi za Kenya. Nilimwambia mengine ambayo sitayarudia hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikienda na hiyo siku, nitaiandika kila mahali huko," akasema. "Kwa kazi, kwa hospitali, kwa nyumba ya kukodisha. Kila mwaka watu wataniambia happy birthday siku ya mtoto wa Mama. Nimefanya hivyo miaka kumi na saba bila kujua. Sasa najua."

Nikafuta. Nilifuta nikigonga vitufe kwa nguvu ili ajue sijakubali.

Kiwandani walimcheka. Weldon wa boila alimwambia kila mtu kantini kwamba kuna mtu amepewa ujana wa bure akaurudisha. Hata watu wa kanisani, ambao Jumapili wanaimba habari za ukweli kwa sauti nne, walimshauri polepole kwamba Mungu anaangalia moyo na ubalozi unaangalia pasipoti, kwa hivyo asichanganye hivyo viwili. Kuna mwalimu mmoja alinijia mimi, eti nizungumze naye. Nilimwambia nimezungumza naye mpaka koo likauma, na kama ana sauti yake aitumie.

Kuanzia hapo nilimwona akihangaika na karatasi kwa njia ambayo sijawahi kuona. Kadi yake ya ubatizo ilipatikana kanisani ndani ya kabati lililoliwa na mchwa, na bahati ikawa kwamba mchwa walianzia upande ule mwingine. Barua ya chifu. Makadirio ya umri hospitalini. Tangazo rasmi la kubadilisha tarehe. Kiapo chake mwenyewe cha kueleza yote, na cha mama yake, ambacho nilikichapa mimi na sikukilipisha, na tafadhali jambo hilo lisifike sokoni. Wakili aliyewaapisha alimwonya Dorine kwamba kukiri hivyo kunaweza kumletea matata. Dorine akasema matata yakija yatamkuta nyumbani. Kule ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, karani alimuuliza mara tatu kama amesikia vizuri. Katika kazi yake amewaona watu wengi wakitaka kupunguziwa miaka kwa sababu ya mbio, kwa sababu ya jeshi, kwa sababu ya kustaafu. Huyu alikuwa wa kwanza kuja kuomba azeeshwe.

Walimpa tarehe yake mwishowe. Cheti kikarekebishwa, kitambulisho kikafuata, pasipoti ikafuata baada ya safari nne za Kisumu. Kuhusu Chelangat walisema hawawezi kufanya lolote. Karatasi yake ilikwisha kutumika, hakuna kadi ya kliniki, na kwa mtoto aliyekufa zamani namna hiyo hakuna kitabu kilicho wazi. Mama alikuja na Dorine siku waliyoambiwa hayo. Alikaa kwenye benchi langu akasema tu, "Sawa," kisha akaniuliza habari za Shirley.

Ilibaki pointi moja ya kutafutwa, na njia ilikuwa Kijerumani. Hatua ya pili ina pointi moja, ya tatu ina mbili. Kati ya hizo mbili kuna bonde refu, nimeliona kwa macho yangu kwa sababu alilivuka akiwa dukani kwangu. Kwao mtandao ni wa kubahatisha, kwa hivyo kila alipotoka zamu alikuja kukaa kwenye kompyuta ya mwisho karibu na dirisha. Nilimwambia akae bure akakataa, tukagombana, tukaelewana kwamba atanitengenezea mashine zikiharibika. Hazijawahi kufanya kazi vizuri kama mwaka huo.

Mtihani wa hatua hiyo una sehemu nne: kusoma, kuandika, kuzungumza na kusikiliza, na kila moja lazima upate sitini. Mwezi wa Septemba alikwenda Nairobi akarudi na matokeo: themanini na moja, sabini na nne, sabini na nane, na kwenye kusikiliza hamsini na tatu. Aliniwekea ile karatasi mezani. Miaka yake ya kwanza kiwandani hakukuwa na vizibo vya masikio, na mashine zile zilikuwa zimechukua sehemu yao. Watu wanaozungumza haraka na kwa sauti ya chini walikuwa wanampotea. Siku hiyo nilimwona akilia kwa mara ya kwanza. Alilia amesimama, dakika moja hivi, akajipangusa na mkono wa koti.

Mimi sikumbembeleza, sijui kazi hiyo. Nilimwambia, "Sasa nani atakuwa mjinga, wewe au hao wenye viwanda waliokuharibia masikio?" Sijui kwa nini nilisema hivyo, lakini alicheka.

Alichofanya baadaye ndicho kilichoanza kunivua kofia. Mimi nilidhani atatafuta mahali pa kimya. Nilikuwa hata nimepanga kumwachia stoo. Akasema hapana. Akasema kiwandani kuna rola kumi zinazunguka pamoja, feni, mikanda, boila, na katikati ya hayo yote yeye husikia rola moja ikiwa imeanza kukwaruza. Hasikii kwa sababu ana masikio mazuri. Anasikia kwa sababu anajua sauti ya kila moja ikiwa nzima. "Shida yangu si masikio," akasema. "Shida ni kwamba sijajua sauti ya Kijerumani kizima."

Basi akaacha kusikiliza ili aelewe, akaanza kusikiliza ili azoee. Rekodi moja, ya dakika mbili, anaipiga mara arobaini. Kwanza ananakili mpando wa sauti kwa penseli kwenye karatasi, juu, chini, juu, kama mtu anayechora milima. Halafu anatafuta mahali meno yanapokutana, yaani neno linapoishia na lingine kuanzia. Maana alikuwa anaitafuta mwisho kabisa. Alikataa nizime fotokopi, alikataa wateja wanyamaze, akasema huko stesheni za Wajerumani hakuna mtu atanyamaza kwa ajili yake. Kwa miezi minne duka langu lilikuwa Ujerumani. Wateja walilalamika. Mimi mwenyewe sasa najua kuuliza treni ya Köln inaondoka saa ngapi, na sijawahi kupanda hata ya Nairobi.

Mwezi wa Januari akarudia ile sehemu moja. Matokeo aliyapata kwenye simu akiwa karakanani, akaja mbio akiwa bado na ovaroli. Sitini na nane. Nilisimama, nikamshika mikono yote miwili na mafuta yake, na nikamwambia waziwazi kwamba mimi nilikosea, kwamba ningekuwa mimi ningetuma ile fomu ya kwanza siku ile ile na kulala usingizi mzuri, na kwamba sijui watu kama yeye hutoka wapi. Aliona haya akaangalia kibodi. Akasema tujaze fomu kabla mtandao haujapotea.

Tatu za kazi. Mbili za lugha. Moja ya umri. Nilizisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa nilisoma kwa sauti kubwa kidogo, hata mwanafunzi aliyekuwa akichapa insha akageuka.

Ubalozi ukamwita mwezi wa Machi. Alikwenda na basi la asubuhi akarudi kesho yake. Nilimuuliza waliulizana nini, akasema tungoje majibu kwanza, asije akasema maneno yakaharibika. Nikangoja. Mimi, kungoja habari, ni mateso, na alijua. Wiki saba zilipita. Ile wiki ya nane akaingia dukani na mama yake, wote wawili wamevaa nguo za kanisa ilhali ilikuwa Jumanne, akaniwekea pasipoti mkononi ikiwa imefunguka kwenye ukurasa wa viza. Jina lake, picha yake, na tarehe yake mwenyewe. Nilisoma kila herufi. Nilitafuta kosa kwa mazoea, sikuliona.

Alitaka nakala tatu. Nikaweka pasipoti kwenye mashine, lakini sikubonyeza.

"Sasa useme," nikamwambia. "Huko ndani walikuuliza nini? Sitoi kopi hata moja kabla hujasema."

Akakaa karibu na mama yake. Akasema alihudumiwa na mwanamke wa makamo, mwenye nywele fupi, asiyecheka. Waliongea Kiingereza kwanza, juu ya diploma, juu ya kiwanda, juu ya rola. Halafu yule mwanamke akatoa nakala ya pasipoti ya zamani, iliyokuwa kati ya karatasi zake, na kuiweka kando ya ile mpya. Akauliza kwa nini mtu abadilishe tarehe ya kuzaliwa miezi michache kabla ya kuomba viza. Aliuliza kwa sauti ya mtu ambaye ameshapata mwongo.

"Nilikuwa nimejiandaa na kiapo, na barua zote," Dorine akasema. "Nilikuwa nimepanga kueleza na Kiingereza. Lakini vile aliniangalia, nikaona nikieleza sana ataona natafuta njia. Nikamwambia na Kijerumani. Maneno kidogo tu. Nikamwambia ile siku ya zamani ni ya dada yangu. Alikufa akiwa mtoto, na baba yangu akanipatia siku yake ili nikimbie. Nimemrudishia."

"Akasema nini?"

"Alihesabu pointi zangu na kalamu, nikamwona akihesabu za tarehe ya zamani na za tarehe ya sasa. Akaona ile moja niliyoacha." Dorine akaonyesha kidole kimoja. "Halafu akaniuliza, na Kijerumani, dada yako alikuwa anaitwa nani."

Mama alikuwa hafuati vizuri mpaka hapo, kwa sababu Dorine alikuwa akiniambia mimi, haraka haraka. Sasa akamshika binti yake kwenye goti. "Alikuuliza jina?"

"Aliniuliza, Mama. Nikamwambia Chelangat."

"Akafanya nini?"

"Aliandika. Aliniomba nimtajie polepole, akaandika kwa ile faili yangu, pamoja na siku."

"Ile siku?"

"Ile siku. Kumi na nne, mwezi wa nane."

Mama akauliza kama hiyo faili ni ya serikali. Dorine akamwambia ndiyo, ni ya serikali ya huko. Akauliza kama huwa zinatupwa. Dorine akasema hajui, lakini anadhani huwa zinawekwa. Mama akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu, akaitazama ile pasipoti iliyolala kwenye mashine yangu, na mimi nikajikuta nalia mbele ya wateja, jambo ambalo sijalifanya tangu mazishi ya Kuria, mume wangu. Mama yeye hakulia. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akasimama.

"Basi enda," akamwambia binti yake. "Sasa unaweza kwenda."